Mtu Mwembamba wa Dakika Kumi na Tisa

Jumatatu, 14 Oktoba

Baba ameletwa leo saa saba na dakika kumi mchana, nyuma ya pikapu ya kubebea mbuzi, amelazwa juu ya godoro. Kaka yangu Mutisya alikuwa ameketi mbele na dereva. Wametoka Mutomo kabla jua halijachomoza.

Naandika katika daftari la kazi, lile la vipimo vya matangi ya maji ninayojenga, kwa sababu nataka tarehe. Watu wa familia yangu husahau tarehe. Mimi sisahau.

Baba ana miaka themanini na moja. Kiharusi kimechukua upande wote wa kulia pamoja na maneno. Limebaki neno moja tu, "ta", na hata hilo hajui analitumia wapi. Mutisya akaniambia, "Muthoki, kwangu mke ni mgonjwa, unajua. Na wewe una nyumba kubwa." Nikamwambia nyumba hii ina mawe elfu mbili na mia tatu na kila moja nimelishika kwa mkono wangu, hakuna aliyenisaidia kulibeba. Akasema, "Ndiyo maana nasema ni kubwa."

Kipima mvua: 0.

Jumatano, 16 Oktoba

Uji vijiko tisa. "Ta" mara kumi na nne. Mvua 0.

Jumapili, 20 Oktoba

Mutisya alikuja kutoka Wote baada ya ibada, na Biblia na ndizi. Watu humwita Mwalimu, nami humwita hivyo, ingawa alistaafu mapema, miaka miwili iliyopita. Yeye ndiye aliyesomeshwa. Mimi nilitolewa shule darasa la tano, mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ile njaa ambayo hapa Ukambani watu walikufa huku wameshika pesa mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo.

Mama alikuwa kitandani. Baba alikuwa kazini, na kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Alizunguka Kitui yote na gari la sinema. Walitundika shuka jeupe sokoni, wakaonyesha zile filamu za zamani za Wazungu zisizo na sauti, watu wanaanguka na kurushiana vitu, na kwa kuwa filamu haikusema kitu, baba alisimama kando na kipaza sauti akawasemea kwa Kikamba. Watu walitembea maili nane kumsikia. Mimi nilitembea maili tatu na nusu kwenda mtoni, mara mbili kwa siku, na punda mmoja.

Siku moja alikuja nyumbani, akanifuata hadi mtoni. Nilikuwa nikipanda kutoka kwenye kisima tulichochimba mchangani, mtungi wa lita ishirini begani. Nikateleza, nikaanguka mpaka chini, maji yote yakamwagika. Niliinuka nikaokota mtungi. Nilipotazama juu, baba alikuwa amesimama ukingoni na viatu vyake vya kupakwa rangi, anacheka. Nilikuwa na miaka kumi na moja.

Nimengoja miaka arobaini aniambie neno moja juu ya siku hiyo, akiwa na mdomo unaosema vizuri kuliko wa mtu yeyote katika kaunti mbili. Sasa ameletwa kwangu, na mdomo hauna neno.

Jumanne, 22 Oktoba

Kathini, yule dada wa kituo cha afya anayenyoosha viungo, amekuja. Anavuta mkono wa baba, anahesabu, baba anatazama ukuta. Kathini akasema, "Anti, huyu mzee amechoka na sisi. Kila mtu anamwambia sema, sema. Hebu nimtafutie kitu kisicho na maneno." Akatoa simu, akamwekea filamu ya zamani, ya rangi ya majivu, polisi wanafukuza kitanda chenye magurudumu.

Baba akacheka.

Si kicheko cha upande mmoja. Mdomo ulipinda, ndiyo, lakini sauti ilikuwa ile ile. Niliitambua kabla sijageuka. Nilikuwa nakoroga uji, nikauacha ukaungua.

Kathini akafurahi, "Umesikia? Huyo yuko ndani! Mzee wangu, kumbe uko!"

Mimi nikatoka nje kuangalia kipima mvua. 0, tena kweupe.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kathini ameleta flashi yenye filamu kumi na moja. Nimezima sauti, maana waliziwekea piano inayonichoma masikio. Tumezijaribu moja moja saa kumi jioni, blanketi dirishani kuzuia jua. Kwa nyingi alitabasamu tu. Ya saba, alishika mkono wa kiti. Nilipoitoa niweke ya nane, akapiga kelele "ta!" mpaka jirani Syombua akaja mbio akidhani kuna jambo.

Nimerudisha ya saba. Mtu mwembamba, koti refu, kikapu cha mayai. Dakika kumi na tisa.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua! Milimita 31 kwa siku moja. Milimita moja juu ya mita mraba moja ya bati ni lita moja. Bati langu ni mita 140. Fanya hesabu. Nimepanda ndengu ekari mbili na mbaazi moja.

Filamu: saa kumi, kama kawaida.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua 18. Baba amekula vijiko ishirini na sita.

Nimegundua jambo. Ninapoweka filamu mimi huketi kwenye debe la maziwa, lile la aluminiamu, mgongo kwa TV, uso kwake. Sina haja na huyo Mzungu. Utotoni sinema niliisikia kwa mbali tu, kwa kelele za watu wengine, siitaki uzeeni. Namtazama baba ili nimfute mate. Na nimeona anacheka mara nne, hazipungui, hazizidi, na mahali pale pale. Nikaanza kuandika dakika kwa saa ya ukutani: ya tatu, ya saba, ya kumi na moja, ya kumi na sita. Kesho yake vile vile. Leo vile vile. Mtu aliyesahau jina lake mwenyewe hajasahau mahali pa kucheka.

Jumapili, 3 Novemba

Mwalimu Mutisya alitukuta tumefunika dirisha.

"Muthoki, mtu anakaribia kumwona Mungu wake, na wewe unamwonyesha upuuzi?"

"Upuuzi huu unamfanya ale."

"Tungemwombea."

"Omba. Yeye anacheka dakika ya saba, una dakika mbili na nusu."

Hakuomba. Alisimama mlangoni akiangalia TV, uso umemkaa vibaya, kisha akaondoka bila chai. Watu waliosomeshwa wana uchungu wa ajabu na vitu vidogo.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua 22. Ndengu zimechomoza zote, mistari imenyooka. Kathini anasema vidole vya mkono wa kushoto vina nguvu kuliko vyake.

Nilipomaliza kumlisha, nilimuuliza. Sijui kwa nini leo. Nilimwambia, "Baba, unakumbuka kisima cha mtoni? Ulinicheka." Akasema "ta." Nikamwambia sawa.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua 0. Tangi la shule ya Mbumbuni, duara la ukuta limekamilika. Baba: vicheko vinne.

Jumanne, 12 Novemba

0. Ndengu zinatoa majani. Zinahitaji mvua mbili tu. Mbili.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimepata mgeni, na heri asingekuja.

Mzee Mutunga wa Kikima. Ndiye aliyekuwa dereva wa gari la sinema, na aliyeendesha jenereta. Ana miaka sabini na minane na bado ana sauti ya kuita watu wa mlima wa pili. Alimshika baba kichwa kwa mikono miwili, wakalia wote, mmoja kwa maneno na mwingine bila.

Saa kumi ikafika. Nikaweka filamu kama desturi, nikaketi mahali pangu. Mzee Mutunga akaruka kitini.

"Aiya! Huyo! Huyo si Muthoki?"

Nikamwambia Muthoki ni mimi.

"Sisemi wewe, mama. Mimi nasema huyo wa mayai! Kitui yote inamjua. Nenda Ikutha leo, tafuta mzee wa umri wangu, mwambie Muthoki wa koti. Atacheka kabla hujamaliza." Kisha akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Ni baba yako alimpa hilo jina. Mwanzoni alikuwa Mzungu tu, hana jina. Ile njaa kubwa, baba yako alikuja nyumbani siku mbili. Aliporudi garini hakusema na mtu hadi Mutomo. Jioni akashika kipaza sauti, akasema, watu wangu, huyu mnayemwona anaitwa Muthoki. Tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Miaka saba."

Muthoki ni jina la mama yake baba. Mimi ni binti wa kwanza, nikapewa, kama ilivyo kwetu. Nilipokuwa mdogo baba hakuniita Muthoki kabisa. Aliniita mwaitu, mama yangu, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita binti waliobeba jina la mama zao. Halafu akalichukua jina hilo akamvika Mzungu wa kuangukaanguka.

Sasa naelewa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nauza mbaazi sokoni, mwanamke ananiuliza jina, namwambia, na wanawake wote watatu wanacheka hadi wanashikana. Nilifikiri ni nguo zangu. Nilifikiri ni meno. Miaka mingapi nimefikiri ni meno!

"Kwa hivyo alinicheka mtoni," nikamwambia Mzee Mutunga, "halafu akaenda kuniuza soko kwa soko."

"Mama, mtu hachezi na jina la mamake hivi hivi. Muulize mwenyewe."

"Muulize wewe. Labda atakujibu 'ta'."

Baba alikuwa akicheka wakati huo. Dakika ya kumi na sita. Nilinyoosha mkono nikazima TV hapo hapo, kicheko kikiwa bado mdomoni mwake.

Jumapili, 17 Novemba

Nimechomoa flashi. Iko kwenye kopo la misumari. Mvua 0.

Jumatatu, 18 Novemba

Saa kumi aligeuza kichwa dirishani, akatazama blanketi. Nilikuwa na kazi. Uji vijiko kumi na mbili. 0.

Jumanne, 19 Novemba

Kathini: "Anti, mbona mzee hacheki?" Nikamwambia TV imeharibika. Akasema yuko na fundi wa TV. Nikamwambia mimi pia ni fundi. Vijiko vinane. 0. Ndengu zinaangusha majani. Nimehesabu shina moja, kumi na saba chini, manne juu.

Jumatano, 20 Novemba

Nilirudi kutoka Mbumbuni saa kumi na robo, nimepiga lipu tangi lote kwa ndani, sijabadilisha nguo. Simiti ilikuwa imenikaukia mkono mzima wa kulia, begani hadi kiganjani, upande ninaoshikia mwiko. Niliketi mbele yake kwenye debe la maziwa ili nimpe uji. Akakataa kufungua mdomo. Akainua mkono wake mzima, ule wa kushoto, nikadhani anataka kikombe. Akaupitisha mbele ya kifua changu mpaka upande wa mbali, akanipangusa mkono wa kushoto kwa nguvu, mara tatu, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akaushusha, akanikazia macho, akingoja.

Nilijua maana yake. Mwaka nilioanza ufundi alituma ujumbe kupitia kwa Mutisya kwamba binti yake asionekane barabarani na simiti, watu watasemaje. Hiyo ndiyo salamu pekee iliyowahi kunifikia. Na hata sasa, hana mguu, hana ulimi, na bado nguvu iliyobaki anaitumia kunionea haya. Tena macho nayo yamekwisha. Simiti ilikuwa kulia kwangu, yeye anapangusa kushoto.

Nikamwambia, "Simiti hii ndiyo imekujengea chumba unacholala." Nikaondoka nikaoga.

Vijiko vinne. Mvua 0.

Alhamisi, 21 Novemba

0.

Ijumaa, 22 Novemba

Vijiko viwili. Anatazama blanketi. 0.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo nilitoa flashi kwenye kopo. Nikasimama nayo mbele ya TV, nikakumbuka wale wanawake watatu. Nikairudisha. Nilijiambia Jumatatu. Jumatatu nitaweka, akila vijiko kumi.

Jumapili, 24 Novemba

Baba amefariki saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Jua lilikuwa limefika kwenye magoti yake. Syombua alikuwa ameshika mguu, mimi kikombe.

Siandiki mengine.

Ijumaa, 29 Novemba

Tumemzika. Ardhi ilikuwa ngumu. Vijana sita walichimba tangu saa kumi na mbili asubuhi wakamaliza saa nne na nusu, na sururu moja ilivunjika mpini. Watu mia tatu na kumi. Wengi walikuwa wazee wa Kitui ambao siwajui, walikodi gari mbili. Mmoja wao, mama wa fimbo, alinishika mkono akasema, "Wewe ndiye?" Nikasema ndimi. Hakucheka. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, akatikisa kichwa polepole, akaenda kuketi.

Walipoondoka, Mwalimu Mutisya alibaki kunisaidia kukunja turubai. Sijawahi kumwona akikunja kitu. Akasema bila kunitazama, "Ile filamu. Nilikwenda kuiona, themanini na saba, niko kidato cha pili. Walikuja uwanja wa soko. Nilisimama nyuma kabisa."

"Kwa hivyo ulijua."

"Nilijua. Alikusema dakika ishirini, Muthoki. Watu walikuwa wamesimama kwa vidole. Mimi alinilipia shule, ndiyo. Lakini hakuna mtu Kitui aliyewahi kusikia jina langu."

Niligundua kwamba nimeshika pembe moja ya turubai na yeye pembe nyingine na hakuna anayevuta. Kumbe huyu mtu ananionea wivu. Miaka arobaini nilikuwa najua hesabu ya upande mmoja tu.

"Lakini alikuwa akinicheka," nikamwambia.

"Uliiona?"

"Nilikuwa mbele yake kila siku."

"Nauliza filamu, uliiona?"

Jumatatu, 2 Desemba

0. Nimeng'oa ndengu, nimewapa mbuzi. Mbaazi labda.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimerudi kazini. Tangi la Mbumbuni halivuji. Halina maji pia.

Jumatatu, 9 Desemba

Saa kumi. Nimetundika blanketi. Nimetoa flashi kwenye kopo la misumari, nimeweka ya saba, na nimeketi kwenye kiti cha baba, uso kwa TV, na daftari hili juu ya magoti na saa ya ukutani mbele yangu.

Mtu mwembamba wa koti refu amepewa kikapu akipeleke harusini. Mayai ishirini na manne, wanayaonyesha, nimeyahesabu. Dakika ya pili na nusu mbwa anampitia miguuni, anaanguka vibaya mno, kichwa chini, mayai yanaruka. Nilijiandaa kusikia kicheko cha baba. Nikaangalia saa. Dakika ya tatu haikuwa imefika.

Yule mtu amelala chini. Hakuna anayekuja. Analala muda mrefu kuliko inavyopendeza. Kisha anaketi. Anaokota mayai yaliyobaki, moja moja, anayapanga. Anasimama wima kama waziri, anageuza mkono wa kushoto wa koti, anaupangusa: moja, mbili, tatu. Anaendelea na safari.

Dakika ya tatu.

Ya sita, mlango unafunguliwa unampiga, anatumbukia kwenye pipa. Ya saba anatoka, anapangusa kushoto, moja, mbili, tatu. Ya kumi na moja vile vile. Ya kumi na sita vile vile, na hapo mayai ni manne na koti halina mkono wa kulia tena, umechanika wote, lakini yeye anapangusa ule wa kushoto kana kwamba ndio wenye vumbi. Nilicheka. Nasema ukweli, mimi mwenyewe, peke yangu, nikiwa na nguo za msiba. Huwezi kujizuia. Hana la kusema, hamlaumu mtu, anapangusa tu.

Hakuna mahali hata pamoja ambapo baba alicheka yule mtu akianguka. Nimelinganisha dakika zote nilizoandika, siku kumi na nane. Hakuna.

Dakika ya kumi na tisa anafika harusini na yai moja. Bibi harusi analipokea kwa mikono miwili. Imeisha.

Nimekaa nikiwaza siku ile ya mtoni. Nilianguka, hilo nalijua. Niliinuka, nikaokota mtungi. Nilipotazama juu alikuwa anacheka, hilo pia nalijua. Ila nilitazama juu baada ya kuinuka. Alipoanza kucheka sikuona. Na kama nilijipangusa mchanga kabla ya kutazama, sikumbuki, nani hukumbuka jambo hilo? Halafu nilirudi kisimani nikajaza mtungi tena.

Nimefungua kurasa za nyuma, tarehe 20 Novemba. Mwandiko ni wangu, wa hasira, kalamu imetoboa karatasi. Akaupitisha mkono mpaka upande wa mbali, akapangusa kushoto. Mara tatu. Akanikazia macho, akingoja.

Siku nne zilibaki baada ya hapo, na flashi ilikuwa kwenye kopo.

Mvua: 0. Blauzi ya siku ile bado iko kwenye ndoo ya nguo chafu. Nimeitoa nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Mkono wa kulia ni simiti tupu, umekakamaa. Wa kushoto ni safi.